Imepauka, Imerudi

11 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Huku hatujambo. Mjukuu wako ameng'oka jino la mbele na sasa anakataa kucheka mbele ya wageni. Mume wangu amehamishiwa zamu ya mchana, kwa hiyo tunaonana Jumapili kama watu waliotambulishwa jana. Mabati mawili ya jikoni yalikuwa yanavuja, tumeyabadilisha.

Nakuandikia kwa sababu simu tumeshaijaribu. Ulisema mwenyewe masikio yako siku hizi ni mapambo, na mara ya mwisho tulipigiana kelele dakika kumi, ukamaliza kwa kunipongeza kwa ujauzito nisiokuwa nao.

Ni habari za kazi. Rafu yako hapa maabara naitunza kama ulivyoniachia. Chupa sitini na mbili, kila moja na vimea vyake vya baharini, na kila wiki ya tatu nahamisha tone kwenda kwenye maji mapya, kizibo nikikishika kwa kidole cha mwisho ili kisiguse meza. Ulinifundisha hivyo na bado nafanya hivyo hata kama hakuna anayeniangalia.

Daktari, mkuu wetu mpya, ameagiza chupa zote zikaguliwe kabla ya kuhamia kwenye makabati mapya ya taa. Itakayoonekana si safi itaingia kwenye jiko la mvuke na kumwagwa. Nimefika namba kumi na saba, ile yako, ile ambayo watu wa mbali bado wanaiomba kwa jina lako. Wiki iliyopita ilikuwa ya kahawia nzuri kama chai ya maziwa. Juzi nimeikuta imepauka, na chini kuna utando kama vumbi.

Nikafungua daftari zako za zamani. Umeandika "imepauka" na tarehe, halafu baada ya wiki mbili au tatu "imerudi" na tarehe. Nimehesabu mara kumi na tisa. Hakuna maelezo mengine, na wewe ni mtu uliyekuwa unaandika hata rangi ya kizibo.

Ilikuwa nini, Shangazi?

Mwanao


2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo, hayajaenda popote, na mimi pia kwa sababu yao. Wa huku wote wazima, maana wa huku ni mimi na paka wa jirani, naye huja tu akisikia sufuria. Mwambie mjukuu wangu acheke, mimi nina mapengo manne na sijawahi kumnyima mtu kicheko.

Barua yako imechukua wiki mbili. Postamasta anasema ilikwenda mji mwingine kwanza, kutembea.

Kuhusu chupa, angalia taa. Taa zikizeeka vimea hupauka. Usiitikise. Usiihamishe mpaka rangi irudi, kisha hamisha kutoka juu, si kutoka chini. Itarudi. Ile ni chupa ngumu.

Daktari wako mwambie hiyo umeshaikagua na ni safi. Watu wapya hupenda kumwaga. Chupa ina miaka ishirini na sita, yeye ana mwaka mmoja.

Mvua hazijaanza. Nimenunua miwani mipya, sasa naona vizuri jinsi nyumba ilivyo chafu.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Jino jipya limeanza kuchungulia.

Chupa imerudi. Siku kumi na nane, kama daftari zako zinavyosema. Taa hazikuwa na tatizo, nilikuwa nimeshazibadilisha zote kabla barua yako haijafika, haikusaidia wala haikuzidisha.

Nilifanya jambo moja bila kukuuliza. Nilichukua maji ya namba kumi na saba wakati imepauka, nikayapitisha kwenye chujio laini, lile lenye matundu madogo kiasi kwamba hata bakteria hawapiti. Yaliyotoka yalikuwa maji matupu kwa macho. Nikayatia matone kumi kwenye chupa nyingine yenye vimea vya aina ileile, safi, vilivyokuja mwaka jana kutoka maabara nyingine. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili povu. Siku ya tatu chupa ikawa nyeupe na harufu ya mboga zilizooza.

Nikarudia mara tatu. Nikachemsha yale maji kabla ya kuyatia, hayakuua. Kwa hiyo ni virusi, Shangazi. Fundi wa ile hadubini kubwa ya ghorofa ya chini akanipigia picha. Vimejipanga ndani ya seli kama mayai kwenye trei.

Nilikaa na hiyo picha mchana mzima. Nilitarajia nishtuke. Nilikula chakula changu, nikaosha bakuli.

Ambacho sikukielewa mwanzoni ni kwa nini namba kumi na saba yenyewe haifi. Sasa nadhani naelewa. Kila siku virusi vinapasua seli kadhaa, na kila siku seli nyingine zinagawanyika na kuziba pengo. Ziko seli zilizobadilika ngozi, virusi havipati pa kushika. Lakini hizo hukua polepole, na wachache wa uzao wao hurudi kuwa laini kama zamani, na virusi vinapata tena pa kuingia. Hakuna anayemmaliza mwenzake. Rangi ikizidi kupauka, ni virusi vimekula sana. Ikirudi, ni zile ngumu zimejaza chupa. Miaka ishirini na sita wameishi nyumba moja. Yule fundi wa hadubini anasema hata baharini wako hivi, maji yanaonekana ya kijani na yametulia, kumbe kila siku kuna msiba.

Jambo la mwisho. Katika daftari lako la miaka kumi na moja iliyopita kuna ukurasa umekatwa kwa wembe. Ni mwezi ule ule chaza wa Baba walipokufa kwenye matangi.

Hujawahi kuniuliza habari za Baba. Mimi nami sijakutajia. Nadhani kila mmoja alikuwa anamwachia mwenzake aanze. Basi, anaishi nasi tangu mwaka juzi. Ni mzima wa mwili.

Mwanao


9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hujajibu. Nimemuuliza postamasta wa huku, anasema barua haikurudi, kwa hiyo umeipata.

Nimemwambia Daktari kuhusu virusi. Sikuwa na namna, picha ilikuwa mezani. Hakuimwaga chupa. Ameamuru ifungwe utepe mwekundu, iwekwe kwenye kabati la peke yake, na tuandikie maabara zote kumi na moja zilizowahi kupewa. Barua nimeziandika mimi. Wawili wamejibu kwa hasira, wanasema miaka yao ya kazi haijulikani tena ni ya nini. Mmoja ameomba apelekewe hiyo hiyo, na virusi vyake.

Katika orodha ya waliopewa kuna kumi na mbili, si kumi na moja. Wa kumi na mbili ni kituo cha kuangulia chaza. Mwandiko ni wako. Hicho sikukiandikia, kwa sababu hakipo, na aliyekuwa msimamizi wake analala chumba cha pili kutoka kwangu.

Nikwambie anavyoishi, maana hujamwona. Anafanya kazi ya kuandika namba za malori kwenye lango la ghala la saruji. Anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa kumi jioni. Akirudi anaosha vikombe, na vile ambavyo havijatumika anaviosha pia, mara tatu, na mara ya tatu kwa maji ya moto. Zamani mume wangu alikuwa anatania, siku hizi haoni tena. Baba hagombani na mtu. Ukimuuliza anataka chai au uji anasema chochote.

Wiki iliyopita nilimuuliza, "Baba, wewe na Shangazi mlikosania nini?"

Akasema, "Hatukukosana."

"Mbona hakuandikii?"

Akafikiri. "Mwache. Nilimtia aibu kazini kwake. Yeye ndiye aliyenisemea nikapata kituo, halafu mimi nikashindwa hata kuosha tangi."

Alisema hivyo kama mtu anayesoma namba ya lori.

Mwanao


1 Mei

Mwanangu,

Barua zako zote mbili nimezipata, na ya pili nilikaa nayo wiki mbili kabla sijaifungua. Habari za huku hazina maana leo, niruhusu niziruke.

Nilipokuwa na miaka thelathini na moja kazi yangu pale ilikuwa kuosha vioo. Nilijifunza kutenga seli moja kwa kuwaangalia wakubwa nikiwa nafuta meza. Unavuta pipeti kwenye moto mpaka inakuwa nyembamba kama unywele, unainyonya seli moja, unaiosha kwenye tone, unaihamisha tone jingine, mara sita, halafu unaomba iishi. Zangu arobaini zilikufa. Ya arobaini na moja ikaishi. Hiyo ndiyo kumi na saba. Walipoona inakua kuliko zao wakaacha kuniita wewe wa vioo, wakaanza kuniita kwa jina. Wakaliandika kwenye lebo.

Kupauka nilikuona mwaka wa pili. Nilidhani ni taa, kweli. Halafu nilidhani ni chumvi. Halafu nikaacha kudhani, kwa sababu kila mara ilirudi, na ningemwambia mtu yeyote ingemwagwa.

Baba yako alipokabidhiwa kituo aliniomba vimea vya kuwalisha vifaranga wa chaza. Nikampa kumi na saba kwa sababu ndiyo ilikuwa nene kuliko zote, na kwa sababu alikuwa mdogo wangu na nilitaka apate kilicho bora. Mimi maabara nilikuwa naiweka kwenye ubaridi na mbolea kidogo. Yeye aliitia kwenye matangi makubwa, joto, mbolea nyingi, kama inavyotakiwa ili vikue haraka. Vikakua. Vikabanana. Jumatatu maji yalikuwa ya kahawia, Jumatano yalikuwa meupe yenye povu. Kwenye chupa yangu virusi vilikuwa vinakula kwa kijiko. Kule nilivipa karamu. Chaza wakakosa chakula, na kwa siku tisa wakaisha wote, mamilioni, wadogo kama mchanga.

Nilikwenda. Nilimkuta amepiga magoti ndani ya tangi na brashi. Mkaguzi alikuwa ameshaandika kwamba matangi ni machafu. Akainua uso akaniuliza, "Dada, nimekosea wapi?"

Nikamwambia, "Osha tena."

Hapo nilikuwa bado sijui kwa hakika. Nilikuwa nashuku tu. Nilirudi maabara nikafanya lile jaribio lako la chujio, lile lile, na siku ya tatu nikajua. Nikaandika tarehe na matokeo kwenye daftari, kwa sababu mkono umezoea. Kisha nikatafuta wembe.

Ningetaka kukuambia kwamba nililia. Sikulia. Nilihamisha chupa za siku hiyo, zote, kila moja kwa zamu yake, wala sikumwaga tone. Ukiniuliza kwa nini sikusema, sababu ninazo nyingi na zote ni fupi. Wiki ya kwanza niliogopa. Baada ya mwezi nikaona nimechelewa. Baada ya mwaka ilikuwa imekuwa jambo la kawaida, kama kiatu kinachobana ambacho umeacha kukisikia. Nilipostaafu nikachagua mji usio na bahari.

Yeye anadhani namwonea haya. Hilo sikulijua mpaka umeniandikia.

Sasa unajua. Fanya unavyoona.

Shangazi yako


20 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Nimeisoma. Nimeisoma kazini, nimesimama, nikairudisha kwenye bahasha, nikaenda kupima chumvi.

Sikukasirika, au labda nimekasirika na bado haijafika. Nilimwangalia Baba akila. Anatafuna upande wa kushoto. Nikafikiri, huyu mtu ana miaka kumi na moja ya kuoga maji ambayo si yeye aliyeyachafua. Halafu nikamwongezea mboga.

Umeniambia nifanye ninavyoona. Hapana. Nimeshaandika barua kumi na moja kwa niaba ya chupa yako. Ya kumi na mbili andika mwenyewe, kwa jina lake, na usiniweke mimi katikati.

Mwanao


18 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine ya kaki. Ni yake. Nimeiandika mara saba, na hii ya saba ndiyo fupi kuliko zote. Mpe akiwa ameshakula.

Usinieleze atakavyonitukana. Au nieleze. Nimeshindwa kuamua, na sentensi hizo mbili nimeziacha kama zilivyo.

Shangazi yako


30 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mjukuu wako amefunga shule, sasa anacheka na kila mtu. Mume wangu amerudishiwa zamu ya asubuhi.

Nilimpa Baba bahasha Jumapili, baada ya chakula. Alivaa miwani, akaisoma, akarudia, akaikunja kwa mikunjo ile ile.

"Umeisoma wewe?"

"Hapana, Baba."

"Lakini unajua."

"Najua."

Akasema, "Sawa." Akaenda kulala. Jumatatu akaenda kazini kama kawaida.

Hakukutukana.  Alhamisi ndiyo aliniuliza kama hivyo virusi vinaonekana. Nikampeleka maabara Jumamosi, hakuna watu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga mahali penye harufu ile tangu kituo kifungwe. Nikamwekea tone la chupa namba kumi na saba kwenye hadubini ya kawaida, inayoonyesha vimea tu. Alikaa muda mrefu na jicho pale.

"Hawa wanaonekana wazima," akasema.

"Wengi ni wazima."

"Na wanaoumwa?"

"Huwezi kuwajua mpaka wapasuke."

Akainuka, akafuta meza pale alipoweka kiwiko. Ndipo akanieleza jambo ambalo wewe hulijui, na mimi sikulijua, na nadhani Mama alikufa bila kulijua.

Mkaguzi alipokuja, Baba hakulaumiwa peke yake. Kabla hawajamfikia yeye alikuwa ameshamtoa mtu. Kulikuwa na mama mmoja wa kuosha matangi, mama wa watoto wanne, amefanya kazi pale tangu siku ya kwanza. Baba alimsimamisha mbele ya wenzake akamwambia hakusuuza. Yule mama akasema nimesuuza. Baba akasema maji hayaongopi. Akaandika barua ya kumfukuza, na kwenye barua akaandika uzembe. Wiki mbili baadaye naye akafukuzwa, lakini ile barua haikufutwa.

"Nilikuwa najiambia," akasema, "kama yeye hakusuuza, basi kosa si langu lote. Nikawa naosha ili nijue kama inawezekana mtu akasahau. Haiwezekani. Mkono unakumbuka wenyewe. Nimelijua hilo miaka mingi, nikanyamaza."

Nikamuuliza anataka kufanya nini. Akasema, "Twende."

Ilituchukua wiki tatu kumpata. Yuko kwenye nyumba ya kulala wageni karibu na stendi, anafua mashuka uani. Amezeeka kuliko Baba. Alimtambua kabla hajafungua mdomo, akaendelea kukamua.

Baba alisimama akamweleza. Hakupamba. Alisema vimea vilikuja na ugonjwa kutoka maabara, tangi lilikuwa safi, yule mama alisuuza, na yeye akamfukuza kwa kosa ambalo halikuwepo. Alisema alimlaumu kwa sababu alikuwa karibu.

Yule mama akatundika shuka, akalinyoosha kingo.

"Mimi nilikuwa najua," akasema. "Nilikuwa nangoja ninyi mjue."

Baba akasema, "Nisamehe, mama."

"Umesimama kwenye njia ya maji."

Baba akasogea. Yule mama akatundika la pili na la tatu. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba kama mtu aliyekuja kuuza kitu. Halafu akakausha mikono, akaniangalia mimi, si Baba.

"Kuna kiwanda cha samaki kilinikataa. Cha pili kikanikataa. Waliomba barua ya kazi ya mwisho, na barua yangu ya mwisho ndiyo ile. Wewe ndiye wa maabara?"

"Ndiyo."

"Basi niandikieni nyingine. Ya mhuri. Wanangu wakubwa sasa, lakini waliambiwa shuleni kwamba mama yao aliua chaza. Nataka wasome."

Hakutukaribisha kukaa. Tulirudi kwa miguu. Usiku Baba alikula chakula kidogo.

Daktari amekubali kugonga mhuri wa maabara. Nimeiandika barua mwenyewe, ukurasa mmoja. Inasema vimea vilivyopelekwa kituoni vilikuwa na virusi, kwamba mtunzaji wa chupa alijua ndani ya mwezi ule na hakusema, kwamba msimamizi alimfukuza mtu asiye na hatia, na jina kamili la mtu huyo limeandikwa mara tatu ili lisikosewe. Baba aliisoma, akasema ondoa neno "kwa bahati mbaya". Nikaliondoa.

Hajaniambia kama atakujibu, na sijamuuliza. Barua ya yule mama iko ndani ya bahasha hii. Ameshatia sahihi. Chini ya jina lake amekuachia nafasi.

Mwanao